Ni Nani Aikeshezaye Simu?

Wenye simu za mkononi wa siku hizi wana lalamiko moja ambalo wenye simu ndogo za miaka ya 2000 hawakulijua sana. Mtu huiweka simu yake mezani wakati wa kulala ikiwa na betri nusu, asiiguse usiku kucha, na alfajiri akaikuta imezimika kama kibatari kilichokwisha mafuta. Hakumpigia mtu, hakusoma ujumbe, hakutazama picha. Je, betri imeliwa na nani? Wengi huishtaki betri yenyewe wakasema ni ya bandia, na wengine humshtaki fundi aliyewauzia chaja. Pengine hawakosei. Lakini mara nyingi kosa haliko kwa betri wala kwa chaja, bali simu yenyewe haikulala. Kioo chake kilizimika, nayo ndani ikakesha.

Kwa mkaaji wa mjini mwenye umeme ukutani, jambo hili ni kero ndogo. Kwa mkulima aliye mbali na nyaya za umeme, ambaye huipeleka simu yake dukani ikachajiwa kwa malipo au huitegemea sahani ya jua iliyo juu ya paa, kila chaji ni fedha na mwendo wa miguu. Simu iliyozimika kwake ni fedha zilizotumwa asijue kama zimefika, na ni habari ya mgonjwa iliyokuja usiku isimkute. Kwa hiyo yafaa tuulize jinsi simu inavyolala, inavyoamka, na hasa ni nani aliyepewa mamlaka ya kuizuia isilale. Swali hilo la mwisho limewagombanisha wahandisi wakubwa kwa miaka mingi, na hata leo halijapata jibu moja.

USINGIZI WA MLINZI

Kioo kinapozimika, simu haijalala bado. Imefumba macho tu. Usingizi wa kweli huja pale prosesa, yaani ubongo wa simu, inaposimamishwa, mapigo yanayoiendesha yakakatwa, na kumbukumbu ikaachiwa umeme kidogo wa kuiwezesha kushika yale iliyokuwa nayo. Programu zote husimama papo hapo zilipofikia, mfano wa watu waliomo katika picha. Hazina habari kwamba muda unapita.

Hata hivyo simu haiwezi kulala usingizi wa pono, maana ingefanya hivyo nani angeitikia mtu akipiga? Viungo viwili hubaki zamu. Cha kwanza ni saa ndogo yenye kipande cha fuwele kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Hesabu hiyo haikuchaguliwa ovyo: ukiigawanya kwa mbili, na tena kwa mbili, hata mara 15, hubaki moja kamili, yaani mpigo mmoja kwa kila sekunde. Saa hiyo hutumia umeme mdogo mno, hata simu nyingi za zamani za Nokia ziliweza kulia kengele ya asubuhi hali zimezimwa.

Kiungo cha pili ni redio inayosema na mnara, nayo ina prosesa yake yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba redio husikiliza muda wote. Sivyo. Katika mitandao ya GSM, mnara na simu vina mapatano: kila simu imepangiwa fungu lake la kuitwa, na fungu hilo hurudi kila baada ya muda ulio kati ya karibu nusu sekunde na sekunde mbili na kidogo, kadiri mtandao ulivyopangwa. Redio huamka zamu yake inapofika, hutega sikio kusikia kama inaitwa, na isipoitwa hulala tena. Ndivyo afanyavyo mlinzi wa usiku mwenye uzoefu, ambaye husinzia kitini na kufumbua jicho kila baada ya kitambo. Redio ikisikia inaitwa, huigutusha prosesa kubwa, kioo kikawaka na simu ikalia. Mpigaji wa upande wa pili hatambui lolote, ila kukawia kidogo kabla ya kusikia mlio.

Tofauti ya kulala na kukesha si ndogo. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Australia, Aaron Carroll na Gernot Heiser, walitoa matokeo ya kuipima simu aina ya Openmoko Neo Freerunner kiungo kwa kiungo. Ilipokuwa imelala, simu nzima ilitumia miliwati 68.6, na karibu nusu ya hizo zilikwenda kwa redio. Ilipokuwa macho bila kazi yoyote, taa ya kioo ikiwa imezimwa, ilitumia miliwati 268.8. Tukichukua betri ya miliampea 1,200 kwa saa na volti 3.7, hesabu yatuambia kwamba simu iliyolala ingedumu zaidi ya siku mbili na nusu, na ile iliyo macho bila kazi ingezimika baada ya saa 16 na nusu hivi. Hapo hakuna aliyeitumia simu kwa lolote. Ni gharama ya kukesha tu.

KUFULI LA KUKESHA

Kwa miaka mingi kompyuta ndogo za kubebwa zililala kwa amri ya mwenyewe: alipokifunga kifuniko, zikalala, alipokifungua, zikaamka. Simu za Android, ambazo ya kwanza yake, HTC Dream, iliuzwa Marekani kuanzia Oktoba 22 mwaka 2008, ziliipindua kanuni hiyo. Humo usingizi ndio hali ya kawaida, na kukesha ndiko kunakoombewa ruhusa. Programu inayotaka simu isilale hushika kitu ambacho wahandisi wa Google walikipa jina lenye maana ya kufuli la kukesha. Maadamu kufuli hata moja limeshikwa na mtu, prosesa hailali. La mwisho likiachiliwa, simu huzama usingizini mara moja, bila kungoja amri ya mwenyewe.

Kwa nini kufuli lilihitajika? Fikiri juu ya ujumbe unaoingia katika dakika ile ile ambayo mfumo umeamua kulala. Redio imeupokea, imeugonga mlango wa kiini cha mfumo, na kiini kimeuweka mahali pa kuchukuliwa na programu ya ujumbe. Lakini kabla programu haijauchukua, usingizi umekuja. Ujumbe utalala hapo hapo hadi simu iguswe na mwenyewe, pengine asubuhi. Mtumaji ameona kwamba ujumbe umefika, mpokeaji hajaona kitu. Kufuli la kukesha lilikuwa dawa ya tatizo hili: kiini hushika kufuli ujumbe unapoingia, hakiliachilii mpaka programu imeshika la kwake, na programu haliachilii la kwake mpaka kengele imelia. Ni mfano wa wakimbiaji wanaopokezana kijiti. Hakuna anayekiachia kabla mwenziwe hajakikamata.

Mapema mwaka 2009 Arve Hjønnevåg, mhandisi wa Google, aliwaletea watunzaji wa kiini cha Linux, ambacho ndicho msingi wa Android, maombi ya kulitia kufuli hilo katika kiini chenyewe. Yaliyofuata yalikuwa mabishano ya zaidi ya miaka mitatu, na katika miezi ya kati ya mwaka 2010 barua za pande mbili zilihesabika kwa mamia. Jina lilibadilishwa likawa vizuizi vya usingizi, lakini ubishi haukwisha kwa kubadilisha jina. Kabla ya hapo, katika toleo la 2.6.33 la Februari 2010, Greg Kroah-Hartman alikwisha kuziondoa katika Linux sehemu za Android zilizokuwa zimewekwa humo kwa majaribio, kwa kuwa hapakuwa na aliyezitunza.

Wapinzani walikuwa na hoja yenye uzito. Walisema kwamba programu iliyoandikwa vizuri haina haja ya kuzuiwa kwa nguvu. Isipokuwa na kazi, inyamaze, na prosesa itapumzika yenyewe kwa vipindi vifupi visivyo na hatari ya kupoteza ujumbe. Programu mbaya irekebishwe na aliyeiandika. Waliogopa pia kwamba kufuli likiisha kutiwa katika kiini, kila dereva wa kila chombo atalazimika kulibeba, hata katika mashine zisizo na haja nalo.

Watu wa Google nao walijibu kwa hoja isiyotoka katika vitabu bali sokoni. Simu zao zingepokea programu kutoka kwa mtu yeyote duniani, mwenye ujuzi na asiye nao. Kungoja waandishi wote hao wawe hodari ni kungoja embe chini ya mnazi. Heri simu ilale kwa nguvu, nao wale wachache wenye sababu ya kukesha waombe na wajulikane kwa majina yao.

Suluhu ilitoka kwa Rafael Wysocki, mtunzaji wa mambo ya umeme katika kiini cha Linux, nayo yastahili kuelezwa kwa sababu ya wepesi wake. Kiini huhesabu kila tukio la kuamsha, kama vile ujumbe uliofika au kitufe kilichobonyezwa. Programu inayotaka kuilaza mashine husoma kwanza hesabu hiyo, humaliza shughuli zake, kisha huirudisha kwa kiini hesabu ile ile iliyoisoma. Ikiwa hesabu haijabadilika, mashine hulala. Ikiwa imebadilika, maana yake kuna kitu kimeingia katikati, na kiini hukataa. Mpango huo uliingia katika toleo la 2.6.36 mwaka 2010. Na katika toleo la 3.5, Julai 2012, ukaongezwa uwezo wa mashine kujilaza yenyewe kila inapokosa sababu ya kukesha, jambo ambalo Google walilitaka tangu mwanzo.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, watu wa Linux walikuwa na haki juu ya chombo, na watu wa Google walikuwa na haki juu ya binadamu. Miaka iliyofuata ilionyesha ni lipi kati ya hayo mawili lililokuwa gumu zaidi.

WALIOSAHAU KUACHILIA

Kufuli la kukesha ni amana. Anayelishika ameaminiwa kwamba atalirudisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, wakiongozwa na Profesa Y. Charlie Hu, pamoja na mwanafunzi wake wa wakati huo Abhinav Pathak, walitoa mwaka 2012 uchunguzi wao juu ya kosa walilolipa jina la kukosa usingizi. Katika mfano wa kawaida wa kosa hilo, mwandishi wa programu huandika: shika kufuli, chukua barua kutoka mtandaoni, achilia kufuli. Siku ambayo mtandao ni mzuri, mambo huenda sawa. Siku ambayo mtandao umekatika katikati ya kazi, programu huruka hadi mahali pa kushughulikia makosa, ikaupita mstari ule wa kuachilia. Kufuli hubaki limeshikwa. Programu imekwisha kusahau, mwenye simu hana habari, na prosesa haitalala tena mpaka simu izimwe au betri iishe.

Tazama basi ni nani anayeumizwa zaidi na kosa la namna hii. Mwandishi wa programu huijaribu kazi yake mahali penye mtandao usiokatika na chaja iko ubavuni. Njia ile ya makosa hapitii. Anayeipitia kila siku ni yule aliye bondeni, ambako mtandao huja na kutoweka.

Profesa Hu na wenziwe waligundua mwaka huo huo jambo jingine la kustaajabisha kidogo: katika programu za bure walizozipima, kati ya asilimia 65 na 75 ya umeme uliotumika uliliwa na sehemu za kuletea matangazo ya biashara. Mwenye simu hakulipa fedha kuipata programu, ila alilipa kwa betri.

Wala makampuni makubwa hayakusalimika. Oktoba 2015 wenye simu za iPhone waliona kwamba programu ya Facebook ilikuwa ikila betri hata ilipokuwa imeachwa nyuma bila kutumiwa. Mhandisi wa Facebook, Ari Grant, alieleza hadharani kwamba walikuta makosa mawili. Sehemu ya programu inayosema na mtandao ilikuwa ikiuliza swali lile lile mfululizo bila kupumzika. Na baada ya mtu kutazama video na kutoka, njia ya sauti ilibaki wazi, hali hakuna sauti iliyotoka, kana kwamba programu ingali ikicheza. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni huyu alikuwa amejificha chumbani, hata mwenye nyumba asijue kwamba yumo.

SANDUKU MOJA LA POSTA

Kampuni ya Apple ilishika njia nyingine tangu mwanzo. Haikuziruhusu programu za watu wa nje kukesha nyuma ya pazia hata kidogo, na wengi waliilaumu kwa hilo. Badala yake, Juni 2009, ilianzisha huduma ya kusukuma arifa: simu huwa na njia moja tu iliyo wazi kwenda kwa mitambo ya Apple, na kila mwenye programu anayetaka kumwarifu mtu hupeleka ujumbe wake huko, nao hupita katika njia hiyo moja. Google nao walianza huduma ya namna hiyo mwaka 2010.

Faida yake huonekana mara moja ukiijua tabia ya redio. Redio ya simu ikisha kutuma habari, hata kama ni herufi chache tu, hairudi kulala papo hapo. Hubaki macho ikingoja kama kuna zaidi, na katika mitandao ya 3G kungoja huko kuliweza kupita sekunde kumi, kadiri kampuni ya simu ilivyopanga. Sasa chukua programu ishirini, kila moja ikiamka kwa saa yake kuuliza kama kuna barua. Redio haitapata usingizi. Lakini hapo zamani, na hata leo kwa wengi wetu, mtaa mzima ulikuwa na sanduku moja la posta shuleni au kanisani, na mtu mmoja mwenye ufunguo akaenda mjini mara moja akarudi na barua za wote. Hakuna aliyedhani kwamba kila nyumba ipeleke mtoto wake posta kila baada ya dakika tano.

Mwaka 2010, katika toleo la nne la mfumo wake, Apple ililegeza kidogo na kuziruhusu kazi chache zilizotajwa kwa majina ziendelee nyuma, kama vile kupiga muziki, kupokea simu za mtandaoni na kufuata mahali mtu alipo. Android ilikuwa imeanza na uhuru, ikaanza kuubana. Mifumo hiyo miwili ilitoka pande mbili tofauti na imekuwa ikisogeleana tangu hapo.

UHURU UNABANWA

Hatua kubwa ya Android ilikuja mwaka 2015 katika toleo la 6.0, kwa mpango ulioitwa Doze, maana yake kusinzia. Simu ikiwa haimo katika chaja, kioo kimezimwa, na imelala mezani bila kutikiswa kwa muda, mfumo huamini kwamba mwenyewe amelala au ameiacha. Hapo programu hukatiwa mtandao, kengele zao za kawaida huahirishwa, na yale makufuli ya kukesha yaliyogombaniwa kwa miaka mitatu hayasikilizwi tena. Mara kwa mara mfumo hufungua dirisha fupi, programu zote zikafanya kazi zao pamoja, kisha dirisha likafungwa; na kadiri simu inavyokaa bila kuguswa, ndivyo madirisha yanavyozidi kuachana. Mwaka 2016 toleo la 7.0 lilileta usinziaji mwepesi kwa simu iliyo mfukoni mwa mtu anayetembea. Mwaka 2018 toleo la 9 likazigawa programu kwa mafungu kufuatana na jinsi mwenye simu anavyozitumia, na ile isiyofunguliwa kwa muda mrefu ikapewa nafasi chache zaidi za kuamka.

Mipango hii ina mlango wa dharura. Ujumbe uliotiwa alama ya haraka hupita hata simu ikiwa imesinzia, na kengele ya kuamsha iliyowekwa kwa njia rasmi hulia kwa wakati wake. Lakini kila mlango wa dharura hupitwa pia na wasio na dharura. Ndiyo sababu toleo la 12 la mwaka 2021 lilidai ruhusa maalum kwa programu inayotaka kuamka kwa dakika kamili, na toleo la 14 la mwaka 2023 likaacha kutoa ruhusa hiyo yenyewe kwa programu nyingi zinazowekwa upya, mpaka mwenye simu aikubali.

Hadi hapa msomaji angeweza kudhani kwamba ushindi umepatikana. La kusikitisha ni kwamba tiba nayo imeleta maradhi yake. Baadhi ya watengenezaji wa simu, wakitaka kujisifu kwa betri inayodumu, wameongeza juu ya Android masharti yao wenyewe, yaliyo makali kuliko ya Google, na kuziua programu ambazo mwenye simu alitaka zikeshe. Programu ya kuhesabu hatua hupoteza hesabu, ya ujumbe huchelewa kwa saa nzima, na kengele ya kukumbusha dawa hainyanyui sauti.

Usidhani kwamba hilo la dawa ni la kutia chumvi. Februari 2025 FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa, iliwatahadharisha wagonjwa wa kisukari wanaotumia vipimo vya sukari vinavyopeleka habari katika simu. Ilisema imepokea taarifa za watu ambao tahadhari zao hazikutokea au hawakuzisikia kwa sababu ya mipango ya simu, na miongoni mwa sababu ilizozitaja ni programu kutiwa katika usingizi mzito baada ya kutotumiwa kwa muda. Katika baadhi ya visa, ilisema mamlaka hiyo, kukosekana kwa tahadhari huenda kulichangia madhara makubwa, hata kifo. Mfumo uliona programu isiyoguswa ukaihesabu kuwa haina kazi. Lakini programu ya namna hiyo kazi yake ni kunyamaza siku zote mpaka saa ya hatari.

LILILO MIKONONI MWA MWENYE SIMU

Kuna desturi moja iliyoenea ambayo yafaa iachwe. Watu wengi, kila wamalizapo kutumia simu, huzifagia programu zote kwa kidole wakiamini kwamba wanaokoa betri. Machi 2016 Craig Federighi wa Apple aliulizwa kama yeye hufanya hivyo na kama husaidia, akajibu kwamba hafanyi wala haisaidii. Na siku hizo hizo Hiroshi Lockheimer, aliyekuwa mkuu wa Android, akasema vivyo hivyo kwa upande wake. Programu iliyosimama katika kumbukumbu haili umeme wa maana. Ukiiua, mara nyingine utakapoifungua itaanza upya tangu mwanzo, na kuanza upya ndiko kunakogharimu. Afadhali kufungua ukurasa wa betri katika mipangilio ya simu na kusoma ni programu gani imetumia umeme mwingi hali haikufunguliwa. Hiyo ndiyo ya kuzuiwa, au kufutwa kabisa.

Wanaokaa mahali penye mtandao hafifu wana shida ya pili isiyohusu programu. Simu iliyo mbali na mnara hupaza sauti: ile ya GSM katika masafa ya megahezi 900 yaweza kutuma kwa nguvu ifikayo wati 2 kwa vipindi vifupi, na iliyopoteza mnara kabisa huamka mara kwa mara kuutafuta. Katika nyumba isiyopata mtandao usiku, kuizima redio hadi asubuhi kwa kitufe chenye picha ya ndege kutaokoa betri kuliko hila nyingine yoyote, na saa ya kuamsha itaendelea kulia.

Kwa mwenye programu ya dawa, ya kipimo cha sukari, au kengele ya zamu ya usiku iliyoletwa kutoka nje badala ya ile iliyokuja na simu, kazi ni kinyume: hana budi kuingia katika mipangilio ya betri na kuitaja programu hiyo kuwa isiwekewe vikwazo, kisha atazame tena kila mara baada ya mfumo wa simu kubadilishwa kwa toleo jipya, kwa kuwa mabadiliko ya namna hiyo yaweza kuurudisha mpango katika hali ya kwanza. Na akitaka kuijaribu, asiijaribu kwa dakika tano akiwa ameishika mkononi. Simu iliyo mkononi haisinzii, na jaribio hilo litafaulu daima. Aitoe katika chaja, aiweke mezani jioni, kengele akiwa ameitega saa kumi alfajiri, wala asiiguse hadi hapo.